MIFUPA ILIYOGEUKA KUWA MAWE

Wenyeji wa Puge, kaskazini ya Tabora, huyajua sana majabali yaliyosimama katika nchi ya Unyamwezi. Tena wengi wamesikia ya kuwa huko Tendaguru, bara ya Lindi, ilichimbwa mifupa ya wanyama waliowapita tembo kwa ukubwa. Basi leo tutaeleza kwa nini mifupa ile ilionekana kule, wala haionekani katika majabali ya huku.

Majabali ya Unyamwezi ni mawe magumu yaitwayo itale. Hapo kale yaliyeyuka kwa moto chini sana ya ardhi, kisha yakapoa polepole na kuganda. Umri wake wapita miaka milioni 2,500. Zama hizo hapakuwa na mnyama mwenye mifupa. Vilikuwako viumbe vidogo tu majini, visivyoonekana kwa macho.

Mambo ya Tendaguru ni mengine. Yapata miaka milioni 150 iliyopita, katika zama ziitwazo Jurasiki, nchi ile ilikuwa pwani ya bahari. Hapakuwa na nyasi, wala mtama, wala mwembe. Palikuwa na kangaga na miti ya jamii ya misonobari. Huko aliishi Giraffatitan, aliyekula majani ya juu. Kiunzi chake kilichosimamishwa Berlin mwaka wa 1937 chafika mita 13 kwenda juu; hata ukimsimamisha twiga juu ya kichwa cha twiga mwenziwe hawamfikii. Aliishi pia Kentrosaurus, mnyama mfupi mwenye miiba mirefu mgongoni na mkiani.

Wanyama hao walipokufa, baadhi yao walifunikwa na tope na mchanga. Nyama ikaoza, mifupa ikabaki. Maji yapitayo udongoni yakaleta chumvi za mawe, zikajaa katika vitundu vya mifupa, hata mifupa ikawa mawe. Baadaye nchi ikainuka, mvua ikala udongo, na mifupa ikatokeza.

Mwaka wa 1906 Mjerumani Bernhard Sattler aliiona. Tangu 1909 hata 1913 ilichimbwa chini ya wataalamu, wakiwamo Werner Janensch na Edwin Hennig. Wapagazi waliichukua hadi bandari ya Lindi, kama wazee wa Kinyamwezi walivyochukua pembe mpaka Bagamoyo. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Ujerumani, na mingi ya mifupa hiyo ingali Berlin hata leo. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka wa 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa kumkumbuka.

Kwa hiyo, mtu akiona mfupa wa jiwe katika korongo au kando ya mto, asiuvunje wala asiuondoe. Tabaka la udongo lililoufunika ndilo lionyeshalo umri wake, na mfupa ukiisha kutolewa ovyo, habari hiyo imepotea. Na apeleke habari kwa wakuu wa mahali pake, ili wajuzi waje wautazame pale pale ulipolala.