JE, WAJUA? Bunduki ya Wareno Iliyotoka Berlin

Tarehe 25 Novemba 1917, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, alivuka Mto Ruvuma na kuivamia kambi ya Wareno huko Ngomano, Ruvuma inapokutana na Lugenda. Ni ng'ambo ya Nanyumbu, mkoani Mtwara, karibu na lilipo leo Daraja la Umoja. Askari wake wengi walikuwa bado na bunduki aina ya Mauser ya 1871: risasi nene ya milimita 11, baruti ya kizamani, na kila ukifyatua wingu la moshi linamwonyesha adui ulipo. Siku ile wengi walizitupa wakachukua Mauser-Vergueiro za Wareno, za milimita 6.5. Nazo zilikuwa zimeundwa Berlin, Ujerumani!

Bunduki yenyewe ni mseto. Ofisa wa Kireno, José Alberto Vergueiro, alichukua umbo na kasha la risasi la Mauser 98, akaweka bolti (kipande kinachofunga chumba cha risasi) ya mtindo wa bunduki za Mannlicher.

Wapenzi wa easofti, mchezo wa vita vya kuigiza kwa bunduki bandia zinazorusha vipira vya plastiki, wanaweza kuunda mfano wake kwa vipuri vya Mauser 98k bandia, ambayo inauzwa tayari. Kazi iko kwenye bolti. Ya Vergueiro ikifungwa, mkono wake hukaa mbele ya daraja, yaani kipande cha chuma kinachopita juu ya bolti, ambacho kwake kimepasuliwa. Wa 98k hukaa nyuma ya daraja hilo. Usipousogeza, umeunda 98k, bunduki ya Vita Kuu ya Pili.