Je, Wajua? Saratani Husafiri kwa Damu

Je, wajua kwamba saratani ya titi inapohamia kwenye mfupa au ini, mara nyingi hupitia kwenye damu? Mwaka 1869, daktari Thomas Ashworth wa Australia alichunguza damu ya mtu aliyefariki kwa saratani. Chini ya hadubini aliona seli zilizofanana na zile za uvimbe wenyewe.

Kuzinasa kwa mtu aliye hai ni kazi nyingine. Mililita moja ya damu ina chembe nyekundu zipatazo bilioni 5. Seli ya saratani humo pengine isiwepo hata moja! Ujanja uliopatikana ni wa sumaku. Chembe ndogo mno za chuma hupakwa kingamwili zinazonata kwenye protini iliyo juu ya seli nyingi za saratani, lakini haipo kwenye chembe za damu. Sumaku huzivuta seli hizo za saratani kando, kisha hutiwa rangi na kuhesabiwa. Kipimo cha aina hii kiliidhinishwa Marekani mwaka 2004. Kwa mgonjwa ambaye saratani yake ya titi imekwisha kusambaa, seli 5 au zaidi katika mililita 7.5, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, ni ishara mbaya.

Mtego huu una matundu: baadhi ya seli hupoteza ile protini na kupenya. Wala si kipimo cha kugundua saratani kwa mara ya kwanza. Ukihisi uvimbe kwenye titi, usikingoje. Nenda hospitali ukachunguzwe.