Je, Wajua? Mtoto Mwenye Usonji na Bima Inayosema Hapana

Mtoto mwenye usonji huhitaji saa nyingi za wataalamu, na kila saa ina bei yake. Nani alipe? Nchini Marekani wazazi wamelipigania swali hilo kwa zaidi ya miaka 20. Mambo haya yanamhusu kila mzazi, hasa ndugu zetu wanaolea watoto huko. Sheria wameipata. Kilichobaki ni kila mzazi kujua namna ya kuitumia.

Je, wajua kwamba kwa mwaka 2000 kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikadiria mtoto 1 kati ya 150 ana usonji, na kwa mwaka 2022 makadirio yakawa 1 kati ya 31 wa umri wa miaka 8? Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na maana ya usonji kupanuliwa na watoto waliokuwa wakipitwa kuanza kutambuliwa.

Je, wajua kwamba hakuna dawa iliyoidhinishwa kutibu usonji wenyewe? Risperidone iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 na aripiprazole mwaka 2009, zote mbili kwa ajili ya kupunguza hasira na fujo tu. Msaada mkubwa hutokana na tiba ya matamshi, tiba kazi na tiba ya tabia.

Je, wajua kwamba tiba ya tabia iitwayo ABA huweza kufika saa 40 kwa wiki? Ndicho kiwango alichotumia Ivar Lovaas wa Los Angeles katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1987. Saa kama hizo kwa mwaka mzima hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kuna familia zilizouza nyumba ili kuzilipia.

Je, wajua visingizio viwili ambavyo kampuni za bima zilivitumia kwa miaka mingi? Cha kwanza: tiba hii bado ni ya majaribio. Cha pili: haya ni masomo, kwa hiyo shule ndiyo ilipe. Shule nayo ikasema haya ni matibabu. Mtoto akabaki katikati, na umri haumsubiri.

Je, wajua jimbo lililotangulia? Ni Indiana. Mwaka 2001 lilizilazimisha kampuni za bima kulipia matibabu ya usonji kwa mpango ulioandikwa na daktari.

Je, wajua kwamba sheria iliyoamsha majimbo mengine iliandikwa na mama mzazi? Lorri Unumb, mwanasheria wa South Carolina, alikuwa na mtoto wa kiume mwenye usonji, Ryan. Aliandika mswada mwenyewe, kisha akawakusanya wazazi wenzake wakaenda kuwaona wabunge wa jimbo mmoja mmoja. Mwaka 2007 mswada ukapita, gavana akaukataa, na bunge likapiga kura tena na kuitengua turufu yake. Sheria ikaitwa kwa jina la Ryan. Unumb hakuishia hapo, akaenda kuwasaidia wazazi wa majimbo mengine kudai sheria kama hiyo.

Je, wajua kwamba sheria nyingi za mwanzo zilikuja na ukomo? South Carolina iliweka dola 50,000 kwa mwaka kwa tiba ya tabia, tena kwa mtoto aliye chini ya miaka 16. Pennsylvania, mwaka 2008, iliweka dola 36,000. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozuia mipango mingi ya bima kuibana huduma ya afya ya akili kuliko inavyoyabana matibabu ya mwili, na kwa kuwa usonji huhesabiwa katika afya ya akili, wazazi wakapata hoja mpya ya kupingia ukomo huo.

Je, wajua kwamba kufikia mwaka 2019 majimbo yote 50 yalikuwa yamechukua hatua ya kuitaka bima ilipie usonji? Ni miaka 18 tangu Indiana. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa ameshakuwa mtu mzima.

Je, wajua kwamba hata hivyo sheria ya jimbo huenda isimguse mtoto wako? Mwajiri mkubwa mara nyingi hulipia mwenyewe matibabu ya wafanyakazi wake, na kampuni ya bima humshughulikia makaratasi tu. Mpango wa namna hiyo uko chini ya sheria ya taifa ya mwaka 1974, ERISA, na maagizo ya jimbo kuhusu bima hayaufikii. Takribani wafanyakazi 6 kati ya 10 wenye bima ya kazini wamo humo, na wengi hawajui, maana kadi yao ina nembo ileile ya kampuni ya bima. Uliza ofisi ya utumishi kazini kwako: fedha za matibabu hutoka kwa mwajiri au kwa kampuni? Zikitoka kwa mwajiri, yeye ndiye wa kuombwa aongeze huduma za usonji, na wapo waliokubali walipoombwa.

Je, wajua kwamba familia yenye kipato kidogo ina haki kubwa? Medicaid, bima ya serikali, inapaswa kumpa aliye chini ya miaka 21 kila tiba ya lazima inayoruhusiwa na sheria yake. Mwaka 2014 serikali kuu iliyakumbusha majimbo kwa waraka kwamba usonji umo.

Je, wajua kwamba tiba isipokuwa na namba, hailipwi? Hadi mwaka 2019 ndipo tiba ya tabia ilipopata namba za kudumu katika orodha ya madai ya bima. Namba 97153 ni ya tiba anayotoa fundi chini ya usimamizi wa mtaalamu, na huhesabiwa kwa vipande vya dakika 15. Ukipokea hesabu ya malipo, linganisha vipande hivyo na muda aliohudumiwa mtoto.

Je, wajua kwamba mtoto wa chini ya miaka 3 hahitaji kusubiri cheti cha usonji? Mzazi mwenyewe anaweza kupiga simu kuomba mpango wa serikali wa watoto wachanga umpime, bure, na kikao cha kupanga msaada kifanyike ndani ya siku 45.

Je, wajua kwamba baadhi ya watu wazima wenye usonji huilaumu ABA? Wanasema ilifundisha mtoto kuficha alivyo. Wasikilizwe. Kabla ya kusaini mpango, uliza lengo lake ni nini: mtoto aweze kuomba maji na kusema anaumwa, au aache tu kupunga mikono?

Je, wajua kwamba anayezungumza Kiswahili, kama walivyo wakimbizi wengi kutoka Kongo, ana haki ya mkalimani bila malipo katika hospitali inayopokea fedha za serikali kuu? Usimtumie mtoto mkubwa kumtafsiria daktari habari za mdogo wake.

Je, wajua kwamba barua ya kukataliwa siyo mwisho wa safari? Katika mipango mingi una siku 180 za kukata rufaa, na kama tiba haijaanza, kampuni inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Ikikataa tena kwa sababu za kitabibu, una miezi 4 ya kuomba mpitiaji huru, na uamuzi wake huibana kampuni. Katika soko la bima la serikali kuu mwaka 2023, hata 1% ya madai yaliyokataliwa haikukatiwa rufaa, lakini kati ya rufaa zilizopelekwa, zaidi ya 4 katika kila 10 zilishinda. Kwa hiyo isome barua, tafuta sababu waliyoiandika, mwombe daktari aijibu sababu hiyohiyo kwa maandishi, ambatisha taarifa za maendeleo ya mtoto, baki na nakala, na utume kabla ya siku kwisha.