Paka mzee anayekula sana huku akikonda: Fahamu ugonjwa wa tezi ya thairoidi

Na Mwandishi Wetu

PAKA aliyefikisha umri wa miaka 12 au 13, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akilala sehemu kubwa ya siku, huanza kuchangamka. Humaliza chakula na kudai kingine, hurukia meza, huzunguka nyumba usiku kucha na kulia kwa sauti kubwa. Wenye nyumba hufurahi, wakidhani mnyama wao amerudia ujana.

Madaktari wa wanyama wanatahadharisha kuwa furaha hiyo inaweza kuwa ya bure. Paka mzee anayekula sana huku mwili wake ukizidi kukonda anapaswa kuchunguzwa haraka, kwani hizo ndizo dalili kuu za ugonjwa wa tezi ya thairoidi kufanya kazi kupita kiasi.

Ugonjwa huo unatibika, na paka wengi huishi vizuri kwa miaka kadhaa baada ya kugundulika. Hata hivyo, tiba yake inahitaji uangalifu, kwa sababu homoni nyingi mwilini huweza kuficha ugonjwa mwingine, ule wa figo, ambao hujitokeza pale tu homoni hizo zinaposhushwa.

Tezi hiyo hufanya kazi gani?

Thairoidi, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia dundumio, ni tezi iliyoko shingoni. Kwa paka imegawanyika sehemu mbili, moja kila upande wa bomba la hewa. Kazi yake ni kuchukua madini joto, yaani iodini, kutoka kwenye chakula na kuyatumia kutengeneza homoni zinazoendesha kasi ya mwili mzima: mapigo ya moyo, matumizi ya chakula na joto la mwili. Homoni inayopimwa zaidi ni thairoksini, ambayo maabara huiandika kwa kifupi T4.

Kwa paka mgonjwa, chembe hai za tezi huongezeka na kuunda vivimbe vinavyozalisha homoni bila kufuata amri ya ubongo. Mwili huwa kama gari lililosimama huku injini ikinguruma. Mafuta yanakwisha na safari haipo. Paka hula, lakini chakula chote huchomwa, na misuli nayo huanza kuliwa.

Kwa paka 97 hadi 99 kati ya kila 100 wanaougua, uvimbe huo si saratani. Kwa takriban 7 kati ya 10, sehemu zote mbili za tezi huwa zimeathirika.

Wasomaji wengi wanalifahamu rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, kutokana na kampeni za matumizi ya chumvi yenye madini joto. Rovu hilo la binadamu hutokana na upungufu wa madini hayo. La paka mzee ni jambo tofauti, na kumwongezea chumvi hakutamponya. Aidha, ugonjwa huu hauambukizi, iwe kwa paka mwenzake au kwa binadamu.

Ulianza kujulikana mwaka 1979

Inashangaza kuwa ugonjwa huu, ambao leo ni miongoni mwa magonjwa ya kawaida ya paka wazee katika nchi kama Marekani na Uingereza, haukuwa ukizungumzwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1979 Dk Mark Peterson na wenzake wa hospitali ya Animal Medical Center ya New York walitoa taarifa za kwanza kuuhusu, na mwaka 1980 ikafuata taarifa kutoka Boston. Tangu hapo idadi ya paka wanaogundulika imeongezeka sana. Nchini Marekani inakadiriwa kuwa hadi paka 1 kati ya 10 wenye umri wa zaidi ya miaka 10 huupata.

Chanzo chake hakijathibitishwa. Watafiti wamehusisha ugonjwa huu na ulaji wa vyakula vya makopo, kemikali zinazopakwa ndani ya makopo hayo, soya, kiwango cha madini joto katika chakula na kemikali zinazowekwa kwenye samani ili zisishike moto kwa urahisi. Hakuna hata kimoja kilichoonekana kubeba lawama peke yake. Kinachojulikana ni kwamba umri ndio kigezo kikubwa, na kwamba paka wa jamii ya Siamese huupata kwa nadra zaidi.

Dalili za kuangalia

Dalili ya kwanza ni kupungua uzito ilhali hamu ya chakula ipo, au hata imeongezeka. Nyingine ni kunywa maji na kukojoa sana, kutapika, kuharisha, manyoya kukosa mng'ao, kutotulia, ukali usio wa kawaida na kulia usiku.

Daktari akimsikiliza, moyo huenda mbio, pengine zaidi ya mapigo 240 kwa dakika, na huweza kuwa na sauti isiyo ya kawaida. Shinikizo la damu nalo huweza kupanda. Likipanda mno hupasua mishipa midogo ya macho au kubandua utando wa nyuma ya jicho, na paka akapofuka ghafla.

Ni vyema kufahamu kuwa wapo paka wachache wanaoonyesha kinyume chake: hulegea, hukataa chakula na hujificha. Mara nyingi hao huwa na tatizo jingine juu ya lile la tezi, kama vile moyo kushindwa kufanya kazi.

Mmiliki hahitaji utaalamu kugundua mabadiliko mapema. Inatosha kumpima uzito paka mara moja kwa mwezi kwa mizani ya aina ile inayotumika kupimia watoto wachanga, na kuandika tarehe na kilo. Paka wa kilo 4 aliyepungua gramu 400 amepoteza sehemu ya 10 ya mwili wake, ingawa kwa macho anaweza kuonekana yuleyule.

Vipimo vinavyohitajika

Daktari hupapasa shingo kutafuta uvimbe, kisha huchukua damu kupima T4. Kiwango kikiwa juu pamoja na dalili zilizotajwa, ugonjwa huwa umethibitika. Mwanzoni mwa ugonjwa T4 inaweza kuonekana ya kawaida, hivyo paka mwenye dalili hurudiwa kupimwa baada ya wiki chache.

Hapa ipo hoja muhimu kwa miji ambayo sampuli za wanyama hupelekwa katika maabara za binadamu. Kiwango cha T4 kinachohesabiwa kuwa cha kawaida kwa binadamu kinaweza kuwa cha juu mno kwa paka. Majibu yakisomwa kwa vigezo vya binadamu, paka mgonjwa ataambiwa ni mzima. Inafaa kumuuliza daktari ametumia vigezo vya mnyama yupi.

Mbali na T4, hupimwa pia figo, ini, sukari, mkojo na shinikizo la damu. Kisukari, ugonjwa wa figo na saratani ya utumbo navyo humkondesha paka mzee, na huweza kuwapo pamoja na ugonjwa wa tezi.

Njia nne za tiba

Njia inayotumika zaidi ni vidonge vya methimazoli au kabimazoli, ambavyo huzuia tezi kutengeneza homoni. Dawa hizo hutumika pia kwa binadamu, lakini mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha vidonge vya methimazoli vilivyotengenezwa mahususi kwa paka. Kwa kawaida daktari huanza na dozi ndogo na kuiongeza kulingana na vipimo. Kwa paka asiyekubali kumezeshwa kidonge, ipo dawa ya kupaka kwenye ngozi ya ndani ya sikio.

Vidonge havimalizi ugonjwa. Uvimbe hubaki na huweza kuendelea kukua, na dawa ikikatizwa homoni hupanda tena ndani ya siku chache. Madhara yake hujitokeza zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo: kutapika, kukataa chakula, kujikuna uso hadi kutoka vidonda, na mara chache kuharibika kwa ini au kupungua kwa chembe za damu. Dalili hizo zikionekana, daktari apigiwe simu kabla ya dozi inayofuata.

Njia ya pili ni upasuaji wa kuondoa tezi iliyovimba. Huponya, lakini kumlaza paka mzee mwenye moyo uliochoka kuna hatari yake, ndiyo maana hupewa kwanza vidonge kwa wiki kadhaa. Pembeni ya thairoidi vipo vijitezi vidogo vinavyodhibiti madini ya kalisi katika damu. Vikijeruhiwa, kalisi hushuka na paka hutetemeka au kupata degedege katika siku chache za mwanzo. Kwa hiyo hubakizwa hospitalini akiangaliwa.

Njia ya tatu ni sindano ya iodini yenye mionzi. Kwa kuwa tezi ndiyo inayofyonza iodini, mionzi huenda moja kwa moja kwenye uvimbe na kuuangamiza, huku sehemu nzima za tezi, ambazo wakati huo huwa zimelala, zikisalimika kwa kiasi kikubwa. Sindano moja huponya takriban paka 95 kati ya 100. Kikwazo ni gharama, pamoja na ulazima wa kituo chenye kibali cha kutumia mionzi, ambako paka hutengwa kwa siku kadhaa hadi wiki kadhaa kulingana na sheria za nchi.

Njia ya nne ni chakula maalumu chenye madini joto kidogo mno, kilichoingia sokoni mwaka 2011. Tezi ikikosa malighafi, hupunguza uzalishaji. Sharti lake ni gumu: paka asile kitu kingine chochote. Dagaa wachache, kichwa cha samaki au panya aliyemkamata mwenyewe hutosha kuharibu mpango mzima. Kwa paka anayetoka nje ya nyumba, njia hii ni vigumu kufaulu.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2006, uliohusisha paka 167, ulionyesha kuwa nusu ya waliotibiwa kwa methimazoli pekee waliishi takriban miaka 2 au zaidi, ilhali kwa waliopata iodini yenye mionzi muda huo ulikuwa miaka 4. Takwimu hizo zisisomwe kama hukumu, kwani paka wanaopelekwa kwenye mionzi huenda wakawa na afya bora tangu mwanzo.

Figo zilizofichwa

Homoni nyingi huusukuma moyo kupeleka damu nyingi kwenye figo, nazo huchuja kwa kasi kuliko uwezo wake wa kawaida. Paka mwenye figo zilizoanza kuchakaa anaweza hivyo kuonekana mzima katika vipimo. Tiba inapotuliza moyo, damu hupungua kwenye figo na udhaifu wake hudhihirika.

Baadhi ya wamiliki wakiona majibu hayo huilaumu dawa na kuiacha. Wataalamu wanaeleza kuwa uamuzi huo ni hatari, kwa sababu homoni zikirudi juu huendelea kuumiza moyo na figo zenyewe. Kinachotakiwa ni daktari kurekebisha dozi na kuanza kuzitunza figo. Kwa upande mwingine, dozi kubwa inayoishusha T4 chini ya kiwango cha kawaida nayo huzidhoofisha figo na kufupisha maisha ya paka.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na chama cha madaktari wa paka cha Marekani kilichojulikana kama AAFP unasisitiza ufuatiliaji wa karibu baada ya tiba kuanza. Kwa kawaida paka hupimwa damu wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza dawa au kubadilishiwa dozi, kisha kila baada ya miezi 3 hadi 6. Anayeweka bajeti ya vidonge bila bajeti ya vipimo amepanga nusu ya tiba.

Mambo ya kuzingatia nyumbani

Mpe paka dawa kwa saa zilezile kila siku. Usiviponde vidonge, na vaa glavu unapovishika au unapopaka dawa ya sikio. Mama mjamzito asishike dawa hiyo wala kinyesi cha paka anayeitumia bila kinga. Usimpe paka vidonge vya binadamu kwa kukadiria mwenyewe.

Maji safi yawepo wakati wote, na chakula kigawanywe mara kadhaa kwa siku. Andika uzito, hamu ya chakula na kutapika, kwani maelezo hayo humsaidia daktari kama vipimo vya maabara vinavyomsaidia.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa paka mzee, sahani inayolambwa hadi kung'aa huku mbavu zikianza kuhesabika ni wingu la kutosha kumpeleka kwa daktari wiki hiyohiyo, kabla moyo, macho au figo hazijapata madhara yasiyorekebishika.