Matairi ya Misimu Yote kwa Magari Madogo ya Vyama

Chama kidogo kisichomudu pikapu mara nyingi hununua gari dogo lililotumika, lililoletwa kutoka Japani. Kwa hiyo si ajabu kuliona gari la aina ya Mark X au Altezza, lililobuniwa kwa barabara laini na mwendo wa kasi, limesimama mbele ya ghala la mahindi kijijini Handeni, na vitabu vya chama vimo kwenye kiti cha nyuma. Gari hilo humpeleka Katibu benki Korogwe, humbeba mkaguzi, na usiku humkimbiza mgonjwa hospitali. Matairi yake yakiisha, Bodi hutakiwa kuidhinisha fedha za wanachama kwa kitu ambacho wajumbe wengi huona vyote ni sawa, yaani mpira mweusi wa mviringo.

Muuzaji naye husema kwamba tairi lake ni la misimu yote. Neno hilo lina maana yake, lakini halikutungwa kwa ajili ya Handeni. Limetoka katika nchi zenye majira ya theluji, ambako madereva wengi hubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka: ya kiangazi yenye mpira mgumu, na ya baridi yenye mpira laini ambao haukakamai joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Tairi la misimu yote ni la katikati ya hayo mawili. Ubavuni huandikwa herufi M+S, maana yake matope na theluji. Hayo ni maelezo ya mtengenezaji mwenyewe. Likiwa na picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, limepimwa juu ya theluji na kufaulu.

Katika wilaya za Handeni na Korogwe hakuna theluji. Misimu ya huku ni masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na jua kali kati yake. Tairi laini la baridi hulika upesi juu ya lami yenye moto. Gari lililotoka kaskazini mwa Japani huweza kufika bandarini Dar es Salaam bado limevaa matairi ya theluji, nayo huonekana mazuri kwa kuwa kashata zake ni nene na zimechanjwa mistari myembamba mingi. Mnunuzi hudhani amepata bahati. Afadhali matairi hayo yahesabiwe kuwa ya muda, na fedha za kuyabadilisha zitengwe tangu siku gari linaponunuliwa.

Tairi la misimu yote kwa huku, basi, ni lile linaloweza kustahimili safari moja yenye barabara tatu. Kati ya Korogwe na Handeni ziko kilomita zipatazo 65 za lami, na mvua ikinyesha juu ya lami hiyo tairi kipara hupanda juu ya maji na usukani ukawa hauna kazi. Baada ya lami huja udongo mwekundu wa vijijini, wenye mawe na miiba wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Tena iko miinuko ya Usambara, kama ile ya kwenda Bungu. Kwa safari hiyo hutakiwa mifereji mipana ya kutolea maji, kashata zenye kina, na ubavu mrefu wenye nguvu.

Ubavu ndio unaosahauliwa, na hapo ndipo gari la mwendo wa kasi linapokigharimu chama. Tairi lililoandikwa 195/65 R15 lina upana wa milimita 195. 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. R ni namna nyuzi zilivyosukwa. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 65 ya 195 ni kama milimita 127. Sasa na lichukuliwe tairi la 225/45 R17, ambalo wauzaji hulipendekeza kwa magari ya namna hii kwa sababu ya sura yake. Asilimia 45 ya 225 ni milimita 101 tu. Kwa nje matairi hayo mawili yana kipenyo kimoja, kama milimita 634, hata kipimamwendo hakitaonyesha tofauti. Lakini kati ya shimo na rimu zimepungua milimita 26 za mpira na upepo. Gurudumu likiingia shimoni kwa kasi, ubavu mfupi hubanwa kati ya jiwe na rimu, nyuzi hukatika ndani, na baada ya siku chache hutokea uvimbe. Tairi lenye uvimbe halizibwi wala halitengenezwi, hutupwa. Vijana huvutiwa na tairi pana na fupi, na mjini lina nafasi yake. Kwa gari litakaloacha lami kila juma ni anasa.

Hata hivyo Bodi isiamuru rimu ndogo bila kupima. Baadhi ya magari haya yana breki kubwa ambazo rimu ya inchi 15 haizipiti. Kibandiko kilicho kwenye mlango au nguzo ya mlango wa dereva hutaja vipimo ambavyo gari limeruhusiwa. Hata kikiwa cha Kijapani, tarakimu husomeka. Na ichaguliwe rimu ndogo kuliko zote zilizotajwa hapo, na moja ijaribiwe kufungwa kabla ya kulipia nne.

Baada ya kipimo huandikwa namba na herufi, mathalani 91H. Namba 91 maana yake tairi moja hubeba kilo 615. Herufi H ni mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa. Namba ya uzito isiwe chini ya ile ya kibandiko kwa hali yoyote, maana gari la chama hubeba watu watano, na mara nyingine gunia la kilo 100 nyuma yao. Herufi ya mwendo nayo isishuke chini ya ya kibandiko, lakini kulipia zaidi ili kupata V, yaani kilomita 240, ni kununua kisichotumika.

Halafu itazamwe tarehe. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT pana tarakimu nne: 2323 ni juma la 23 la mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na tairi lililopigwa jua mbele ya duka huzeeka zaidi. Matairi ya mtumba huuzwa kwa bei ya kuvutia, na kashata zake huweza kuwa nene bado. Lakini hakuna ajuaye yalibeba nini wala yaligonga nini. Ndani ya mifereji mna vinundu vyenye kina cha milimita 1.6, ambacho ndicho kiwango cha mwisho kisheria katika Uingereza na nchi nyingi za Ulaya. Kwa barabara za masika, kungoja hadi vinundu vionekane ni kuchelewa.

Fedha zikitosha matairi mawili tu, yafungwe nyuma, hata kama injini huvuta kwa mbele. Madereva wengi hubisha. Lakini magurudumu ya mbele yakiteleza, dereva huhisi na kupunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari hugeuka kabla hajafanya lolote. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne libadilishwe yote manne pamoja.

Kuhusu bei, Katibu aombe bei kwa maandishi kutoka maduka matatu, kila moja litaje kipimo, namba ya uzito na juma la kutengenezwa. Bila hayo bei hazilinganiki. Kwa hesabu ya mfano tu, tairi la shilingi 160,000 likidumu kilomita 40,000 hugharimu shilingi 4 kwa kilomita. La shilingi 100,000 likidumu kilomita 20,000 hugharimu shilingi 5. Hesabu hiyo haiwezekani bila daftari la gari, ambamo huandikwa kilomita za siku tairi lilipofungwa na za siku lilipotolewa.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, pamoja na lile la akiba. Vibandiko vya Kijapani huandika kPa. 220 ni sawa na paundi 32. Dereva atakayepima Korogwe mchana, baada ya kutoka Handeni juani, ataukuta umepanda. Asiutoe.