Hesi Iliyoliwa Si Mauti ya Injini

Hapana mwanachama asiyejua kwamba karafuu mbichi haingoji mtu. Iliyochumwa leo hapana budi ichambuliwe makonyo jioni ya leo, na kesho jua likitoka ianikwe jamvini. Ikilala ndani ya gunia hupata joto, na mwenye kulifungua hukuta mpeta: imepauka, imesinyaa, yanuka uvundo, na bei yake haifai kutajwa hapa. Zamani mzigo huo ulitoka shambani kwa vichwa vya watu na migongo ya punda, na punda hana plagi. Siku hizi wengi wetu twategemea pikipiki na gari ndogo za mizigo, na wengine wana pampu za maji za petroli kwa ajili ya miche. Kwa hiyo injini ikisimama katikati ya msimu, hasara si ya injini peke yake.

Basi twataka kueleza ugonjwa mmoja wa injini ambao baadhi ya mafundi hupenda kuutangaza kuwa ni mauti, nao kwa kweli una dawa. Ni ugonjwa wa kuliwa hesi. Hesi ni ile michirizi izungukayo mwilini mwa bolti kama ngazi ya mnara, na michirizi ya mfano wake iliyo ndani ya tundu inamoingia bolti hiyo. Mafundi wa leo wasema "nyuzi". Zikiwa nzima, bolti hushika. Zikiliwa, bolti huzunguka tu isikaze, au hutoka na vipande vya alumini vimenasa menoni mwake. Ikiwa ni bolti ya mfuniko, oili huvuja. Ikiwa ni ile ya chini ya kutolea oili, yaweza kudondoka njiani, oili ikamwagika yote na injini ikajila yenyewe. Na ikiwa ni tundu la plagi, mwendeshaji husikia kwanza pumzi ikivuja, nguvu hupungua mlimani, kisha siku moja plagi huruka nje kwa mshindo na injini huzima papo hapo.

Sababu yake si siri. Injini nzito za zamani, mfano wa zile Lister za Uingereza, zilikuwa na mwili wa chuma cha kusubu, na bolti ya chuma ikiingia katika chuma, kila mmoja humstahimili mwenziwe. Injini ndogo za sasa zimefanywa kwa alumini ili ziwe nyepesi na zipoe upesi. Alumini ni laini, na bolti ni ya chuma kigumu. Wakishindana, ajulikana atakayeshindwa. Ongeza juu ya hayo hewa yetu ya visiwani. Chumvi ya bahari ikipata unyevu baina ya chuma na alumini, alumini huliwa pole pole na kuwa unga mweupe, hata siku ya kufungua bolti, hesi hutoka nayo.

Lakini muuaji mkubwa ni mkono wa binadamu. Bolti nyingi za mifuniko ya injini ndogo ni za milimita 6, zile zifunguliwazo kwa spana namba 10. Kadiri yake ya kukazwa katika alumini ni Nyutoni mita 10 hivi, nayo ni sawa na uzito wa kilo 10 uliotundikwa kwenye spana, sentimita 10 kutoka kwenye bolti. Si zaidi ya hapo. Kijana mwenye nguvu, ameshika spana ndefu na anataka kumwonyesha mwenye pikipiki kwamba kazi imefanywa barabara, hupita kipimo hicho mara mbili au tatu bila kutoka jasho.

Kabla ya kutafuta dawa, hakikisha kwanza mgonjwa ni nani. Chukua bolti mpya ya namba ile ile, uitie kwa vidole. Ikishika na kukaza vizuri, iliyoliwa ilikuwa ni bolti, na kazi imekwisha kwa bei ya bolti moja. Ikicheza, tundu ndilo lililoharibika.

Hapo ndipo zianzapo dawa za kienyeji. Wako wanaozungusha uzi wa waya mwembamba wa shaba juu ya bolti, wengine hukata bati la kopo la soda wakalitia tunduni, wengine hupaka gundi ya chuma. Dawa hizi zaweza kukufikisha nyumbani, nasi hatumlaumu mtu aliyekwama njiani na magunia ya karafuu mbichi. Walakini kuziacha humo kwa mwaka mzima ni kujidanganya, na katika tundu la plagi ni hatari, kwa kuwa moto na mgandamizo wa silinda havijui huruma. Wako pia wanaopanua tundu wakatia bolti nene zaidi. Njia hii si mbaya siku zote, lakini hupunguza nyama ya alumini iliyobaki pembeni, na mara nyingi bolti nene haipiti katika tundu la mfuniko wenyewe mpaka nao utobolewe. Akija fundi mwingine baada ya miaka miwili, hukuta injini moja ina bolti za namba tatu mbalimbali.

Dawa yenyewe ni koili ya hesi. Ni uzi wa chuma kisichoshika kutu, ambao ukiukata utaona umbo lake ni kama almasi, nao umezungushwa kama springi. Upande wake wa nje huingia katika hesi mpya iliyokatwa tunduni, na upande wa ndani huwa ni hesi ya kipimo kile kile cha mwanzo, hata bolti ile ile ya asili ikarudi mahali pake. Mafundi wengi huziita kwa jina la kampuni moja ya Marekani, Heli-Coil, hata kama zimetengenezwa kwingine. Zilienea katika injini za ndege wakati wa Vita Vikuu vya Pili, 1939 hadi 1945. Wala hazikutiwa katika ndege ili kutengeneza vilivyoharibika tu: watengenezaji walizitia katika alumini tangu injini ikiwa mpya, kwa kuwa waliona hesi ya namna hii ni imara zaidi.

Jambo hili huwashangaza wengi, kwamba kiraka kiwe na nguvu kuliko nguo. Sababu ni mbili. Kwanza, hesi mpya iliyokatwa katika alumini ni pana kuliko ya zamani, kwa hiyo nyama inayobeba mzigo ni nyingi zaidi. Pili, katika hesi ya kawaida, meno machache ya mwanzo ndiyo yabebayo karibu mzigo wote, na ya nyuma husindikiza tu. Koili, kwa kuwa ni springi, hujinyumbua kidogo na kuugawa mzigo kwa meno yote. Tena bolti sasa yasuguana na chuma, haiigusi alumini tena.

Sasa tuitazame kazi. Tuchukue bolti ya milimita 8 ambayo umbali wa jino hadi jino ni milimita 1.25, maana hii hupatikana katika injini nyingi. Seti yake ina vitu vinne: ncha ya kekee, tepu, kifaa cha kutilia, na koili zenyewe. Tepu ni kile chuma chenye meno cha kukatia hesi ndani ya tundu. Tundu hupanuliwa kwanza kwa ncha ya milimita 8.3 au 8.4. Utaona ni kiasi kidogo mno cha alumini kinachotolewa, nacho ni zile hesi zilizokufa tu. Kekee isimame wima kabisa; ikiinama, bolti itainama nayo maisha yake yote. Na kama tundu lina mwisho, pima kina chake kwanza na utie alama ya utepe kwenye ncha, usije ukatokea upande wa pili.

Kisha huja tepu. Lazima iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya koili, ambayo kwa bolti hii upana wake ni karibu milimita 9.6, tepu ya kawaida ya milimita 8 haifai wala ya milimita 10 haifai. Itie mafuta ya taa, ambayo kwa alumini hufanya kazi nzuri sana. Izungushe mbele nusu mzunguko, uirudishe nyuma robo ili ivunje mabaki, kisha mbele tena. Kazi hii haitaki nguvu wala haraka. Ukihisi imegoma, itoe uisafishe. Tepu ikikatikia ndani ya tundu huwa ni msiba mkubwa kuliko ule wa kwanza, maana ni ngumu na haitoboleki kwa kekee ya kawaida.

Tundu likisha safishwa kabisa, koili hupachikwa kwenye kifaa chake. Chini ya koili kuna kipande kidogo kilichopita katikati. Sisi wa karafuu twaweza kukiita kikonyo. Kifaa hukamata kikonyo hicho na kuizungusha koili ikaingia. Koili ikiwa nje ni pana kidogo kuliko tundu, na ikivutwa kwa kikonyo hujibana, na ikiachwa hutanuka na kushika yenyewe kwa nguvu ya springi. Usiisukume, iache ijiongoze. Isimame ikiwa imezama chini ya uso wa alumini kwa robo au nusu ya mzunguko, wala usiirudishe nyuma, maana kikonyo kitakatika kabla ya wakati. Ikishakaa, kikonyo hupigwa pigo moja kwa chuma chembamba nacho hukatika mahali palipowekewa alama kiwandani. Kitoe nje. Kisha tia bolti kwa vidole mpaka chini.

Kuhusu urefu wa koili, katika alumini twapendekeza uwe mara moja na nusu ya unene wa bolti, au mara mbili kama tundu laruhusu. Kwa bolti ya milimita 6 ni koili ya milimita 9 au 12.

Tundu la plagi lina sheria zake, na hapa ndipo mwenye pikipiki anapopaswa kusimama juu ya kichwa cha fundi. Injini nyingi za pampu na magari hutumia plagi ya milimita 14, na pikipiki ndogo huwa na ya milimita 10 au 12. Seti ya moja haifai nyingine. Mabaki ya alumini yakianguka ndani ya silinda yatachora kuta zake, na kikonyo cha chuma kikianguka humo kitagongwa na pistoni mpaka kitoboe. Wako mafundi wanaopaka tepu grisi nzito ili inase mabaki, na kufanya kazi bila ya kufungua. Katika gari yenye silinda nne udhuru wao waeleweka. Lakini katika injini ya silinda moja, kichwa cha silinda hufunguliwa kwa bolti chache na gasketi moja, na sisi twasema kifunguliwe. Tena koili isiwe ndefu hata ikachungulia ndani, kwa sababu ncha yake itawaka kama kaa na kuwasha petroli kabla ya wakati wake.

Na kwa kuwa plagi hufunguliwa mara kwa mara, yafaa zaidi kutumia bushi nzima yenye hesi ndani na nje, iliyo na ukingo juu wa kuizuia isizame. Bushi ni ghali kuliko koili, lakini koili huweza kung'ang'ania plagi yenye masizi ikatoka nayo. Kwa bolti za mifuniko na za bomba la moshi, koili yatosha kabisa. Wenye mashine za boti wapake bolti grisi ya baharini kabla ya kufunga, maana chuma kisichoshika kutu, kikilowa maji ya chumvi, huila alumini.

Plagi mpya yenye washa, baada ya kutiwa kwa vidole mpaka ikae, hukazwa nusu mzunguko tu. Iliyokwisha tumika hukazwa robo au chini yake, kwa kuwa washa yake imekwisha bapa.

Fundi akikwambia kichwa cha silinda hakifai na chataka kipya, mwulize maswali mawili: je, alumini imepasuka, au ni hesi tu? Na je, anayo tepu ya koili ya namba hiyo? Ikiwa imepasuka, huenda ana haki, au itafutwe kazi ya kuchomea alumini kwa gesi ya argoni, ambayo si kila karakana huiweza. Ikiwa ni hesi tu, usikubali kununua kichwa.

Seti moja hutengeneza matundu mengi, na kijiji kimoja hakihitaji seti kwa kila nyumba. Wanachama kumi wakichangiana wanunue za milimita 6, 8 na 10, na ya plagi kwa namba ya injini zilizo nyingi kijijini, zikae kwa fundi mmoja anayeaminika, pamoja na kopo la koili za akiba. Wakati wa kununua angalieni umbali wa jino hadi jino na si unene peke yake: bolti ya milimita 10 yapatikana katika injini kwa umbali wa 1.0, wa 1.25 na wa 1.5, na zote tatu zikiwa mezani macho hayawezi kuzitofautisha. Nenda na bolti yako mfukoni.