Utangulizi: Adabu Inayoshuka

Msimu mmoja wa korosho, katika kijiji nyuma ya Mikindani, Mtwara, nilimwona mzee amesimama mbele ya meza ya karani, stakabadhi ameishika kwa mikono miwili. Foleni ilikuwa ndefu, magunia yamepangwa ukutani. Mzee akatoa shikamoo kwa kijana wa rika la wajukuu zake. Kijana hakuitikia, wala hakushtuka kuamkiwa hivyo na mtu mzima. Alisema tu, macho yakiwa kwenye daftari: "Karatasi."

Neno hilo halina tusi. Hata hivyo tuliokuwa nyuma ya mzee tuliinamisha vichwa, kila mmoja akijifanya hakusikia. Elimu ninayokukaribisha kwayo, msomaji, inaanzia kwenye vichwa vile vilivyoinama: inauliza maneno yanawafanyia nini watu, mbali na kupeleka habari. Wanaisimu huliita eneo hili pragmatiki. Mimi napenda kuliita elimu ya adabu ya mazungumzo.

Wasomi wa ng'ambo wameifanyia kazi kubwa. Mwaka 1955 Erving Goffman aliandika juu ya "uso", yaani heshima ambayo mtu huibeba mbele za watu na ambayo wenzake wanaweza kuilinda au kuiangusha. Mwaka 1978 Penelope Brown na Stephen Levinson wakaongeza kwamba kila mtu ana haja mbili: kuthaminiwa, na kutosukumwasukumwa. Mswahili hahitaji kufundishwa jambo hilo kama jipya. Tunasema uso umeumbwa na haya, na tunajua uchungu wa kuumbuliwa mbele ya watu. Tunachohitaji ni kulichunguza kwa makini, kwa lugha zetu wenyewe.

Ichunguze amri kwanza. "Nipe maji" ndugu kwa ndugu ni neno la mapenzi, halina kasoro. Dukani, kwa mtu usiyemjua, sikio la Mtwara linalisikia kama mkono unaopiga meza. Sema "naomba maji", au "nisaidie maji hapo", na muuzaji anabaki mtu mwenye hiari, ingawa fedha ni ileile na maji ni yaleyale. Kiyao na Kimakua huenda mbali zaidi: mkubwa, hata akiwa peke yake, huambiwa kwa wingi, kana kwamba wazee wake wamesimama pamoja naye.

Hapa nina ugomvi na malezi yetu, na ndio ulionifanya niandike kitabu hiki. Tumefundishwa adabu inayopanda. Mtoto aamkie, mke apokee, mwanafunzi asimame, mkulima asubiri. Inayoshuka, kutoka kwa mwenye meza kwenda kwa mwenye gunia, hatujaifundisha kwa bidii ileile. Ndiyo maana mtu akipata kiti, ufunguo au muhuri, huona ameondolewa deni la kusalimia. Na bado mila yenyewe inamdai: shikamoo isiyopata marahaba ni salamu iliyobaki mkononi mwa mwenyewe.

Wapo watakaosema, "Ah, ni utani tu." Utani nauheshimu sana. Msomi R. E. Moreau aliuandikia makala mwaka 1944, na mpaka leo Mngoni na Mhehe wanaweza kutukanana hata msibani bila mtu kununa. Lakini utani una sharti lake: mtani hurudisha. Bosi anayemchezea shere mfagizi asiyethubutu kumjibu hana utani naye. Anamwonea.

Nenda pia pwani, kuelekea mlango wa Mto Ruvuma, ambako Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi ilitangazwa mwaka 2000. Popote penye hifadhi, mvuvi hukutana na neno "hairuhusiwi". Litazame vizuri: halina anayesema wala anayeambiwa. Linganisha na haya: "Jamani, hapa samaki wanazalia, tupapishe." Katazo ni lilelile, ila sasa kuna mtu anayesema na watu wanaoheshimiwa kiasi cha kupewa sababu. Naamini kanuni nyingi huanza kuchukiwa kwa sababu ya namna zilivyotamkwa, kabla hata watu hawajapima uzito wake.

Vifaa vya kazi yetu ni vichache: daftari, masikio na subira. Andika nani ameanza salamu, nani ameitikia, nani ameitwa "mama" na nani ameitwa "we". Pa kuanzia pazuri ni kivuko cha kwenda Msangamkuu, saa za asubuhi, watu wanapobanana na baiskeli na mizigo. Huko nilimsikia kijana mmoja akifoka, "Toa ndoo!" Mama wa samaki hakugeuka hata shingo. Mwenzake kijana yule akainama: "Mama, samahani, nikusogezee ndoo kidogo?"

"Sogeza, baba," akajibu, na mguu wake akaupisha.